Nusura Mbili kwa Mwezi

Sunazuka Kiyoji alistaafu siku moja tu, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili.

Jumamosi alitimiza miaka sitini. Wakampa maua, wakampa saa ya ukutani, meneja wa wakati ule akasoma hotuba na kufuta macho. Jumatatu alfajiri Sunazuka alikuwa kwenye kibanda kilekile cha dereva, treni ileile, glovu nyeupe zilezile. Vitu viwili tu vilibadilika. Beji ya dereva mkuu ilibanduliwa kifuani, na mshahara ukakatwa karibu nusu. Kampuni inaita mpango huo kuajiriwa upya. Upya uko wapi, hakuna aliyewahi kuuliza.

Tangu hapo, kila mwezi wa tatu analetewa mkataba wa mwaka mmoja, naye anaugonga muhuri wake mwekundu. Ameshagonga mara saba. Ana miaka sitini na saba sasa, magoti yanamsumbua kila akipanda ngazi ya behewa, na treni ya saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi bado ni yake.

Usidhani wanamng'ang'ania kwa mapenzi. Watu hawapo, basi. Reli ya Mosawa ni njia moja ya chuma inayoshuka kutoka milima ya Akita hadi mjini. Behewa moja la dizeli, dereva mmoja, kondakta hakuna. Sunazuka alipoanza, madereva walikuwa ishirini na wawili. Leo wako watatu, na mdogo wao ana hamsini na nane. Kijana wa mwisho kufundishwa alikaa miezi kumi na minne, akapata leseni, akahamia jiji la Sendai kuendesha treni za chini ya ardhi. Nani angemlaumu? Hata Sunazuka alimpigia makofi.

Kazi yenyewe inaanza na kidole. Kabla ya kugusa chochote, dereva ananyoosha mkono, anakielekeza kidole kwenye kitu anachokiangalia, na anakitaja kwa sauti hata kama yuko peke yake. Milango, imefungwa. Saa, moja na kumi na mbili. Taa ya kutoka, kijani. Mkono, jicho na mdomo vikikubaliana, ndipo treni inaondoka. Sunazuka alifundishwa hayo na Oikawa, mtu mwenye rula ya mbao: kiwiko kikipinda, rula. Sauti ikififia, rula. Baada ya miaka miwili mkono wa Sunazuka ulikuwa umenyooka kiasi kwamba kampuni iliupiga picha na kuuweka kwenye kijitabu cha mafunzo. Mkono tu, uso hawakuutaka. Mpaka leo wageni wakija ofisini wanaonyeshwa picha ile, kisha wanaonyeshwa mwenyewe, na wanamwinamia.

Kumbe ugonjwa ulianzia kwenye mkono huohuo.

Njiani kuna stesheni inaitwa Tateno. Hapo ndipo treni mbili hupishana, kwa kuwa njia ni moja. Ya kupanda inaingia kwanza, taa ya Sunazuka inageuka kijani, naye anaondoka. Siku tisa kati ya kumi, akifika na kusimama, akimaliza kufungua na kufunga milango, taa iko kijani inamsubiri. Imekuwa hivyo miaka arobaini na tisa.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, treni ya kupanda ilikuwa imesimama huko chini kwa sababu ya dubu kwenye reli. Sunazuka hakujua. Alifunga milango. Akanyoosha mkono, kiwiko kimenyooka kama kwenye picha. Akasema, "Taa ya kutoka, kijani, njia wazi." Mkono wa kushoto ukashika mpini wa kuongezea kasi.

Ndipo akaiona taa. Nyekundu.

Treni haikuwa imesogea hata sentimita moja. Behewa lilitulia, watu kumi na mmoja wanasinzia, Bi Tome Konno kwenye kiti cha kwanza nyuma ya dereva anamenya chungwa. Bi Tome ana miaka themanini na moja na huenda mjini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kusafishwa damu. Hukaa kiti kile kila safari, kwa sababu kutoka pale anaiona njia yote, sawasawa na dereva.

Sunazuka aliondoa mkono polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha moto na hataki kuonekana. Haikuwa macho. Macho yake alipimwa mwezi wa tano, na alisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Kilichotokea kilimtisha kuliko upofu. Mdomo ulisema, kidole kikaonyesha, na jicho halikuwepo. Kile kitu alichofundishwa kwa rula ili asikosee, sasa kilikuwa kinajiendesha chenyewe bila yeye.

Dakika nane baadaye treni ya kupanda iliingia na taa ikageuka. Akaita tena. Safari hii sauti ilimtetemeka, na Bi Tome akasema nyuma yake, "Mafua hayo, dereva. Kunywa tangawizi."

Pale ofisini kuna sanduku la makaratasi ya nusura. Kila mfanyakazi lazima aandike mawili kwa mwezi: jambo gani nusura litokee, na ufanye nini lisitokee. Wazo zuri sana, mtu akiwa mkweli. Lakini nani ana nusura mbili za kweli kila mwezi, na nani anataka meneja azisome? Kwa hiyo watu wanatunga. Nusura niteleze kwenye tunda la mti wa ginko mbele ya choo. Nusura nijigonge kwenye kabati la glovu. Ukiyasoma makaratasi ya Reli ya Mosawa utaamini adui mkubwa wa usafiri nchini ni lile kabati.

Mwezi ule Sunazuka aliandika ginko na kabati. Hakulala vizuri, lakini aliandika.

Jiko ndilo lililomfungua mdomo. Ilikuwa Jumamosi mchana, mkewe Fumie anachemsha figili nyeupe kwa mchuzi wa soya, akamwambia amzimie gesi wakati yeye anaanika nguo. Sunazuka ni mtu wa kunyooshea kidole hata friji, nyumba nzima imeshazoea. Binti yao Nanae alipokuwa mdogo alidhani baba wote duniani wanaagana na swichi za taa.

Fumie aliporudi, jikoni kulinuka.

"Baba Nanae, nilikwambia uzime gesi."

"Nimezima."

"Umezima lini?"

"Nimeonyesha, nikasema imezimwa. Hukunisikia?"

"Nimekusikia mpaka nje. Njoo uone sasa."

Moto wa bluu ulikuwa unawaka chini ya sufuria, figili zimeshika weusi. Fumie akacheka akajishika kiuno. "Miaka yote unaliamkia jiko, leo umelisingizia."

Sunazuka hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akamsimulia habari ya Tateno, ya kidole na taa nyekundu. Fumie alizima gesi yeye mwenyewe na akasikiliza mpaka mwisho, kitambaa begani.

"Mwambie Takuma," alisema.

"Nikimwambia, nashushwa kwenye treni."

"Kwani hutaki kushuka?"

Aliangalia mikono yake. "Nataka. Nataka kushuka kabla sijaua mtu. Lakini nikishuka mimi, ile ya saa moja ataendesha nani?"

"Hilo si swali lako. Hilo swali la Takuma."

Takuma ni Asari Takuma, miaka arobaini na nne, meneja. Sunazuka ndiye aliyemfundisha. Hakutumia rula, lakini alimsimamisha kwenye theluji saa nzima anaita taa mpaka sauti ikakauka. Sasa huyo Asari ndiye bosi, naye anaendesha treni kila Jumapili na kila siku mtu akiugua, na hajapata likizo tangu mwaka juzi. Mbele za watu Sunazuka anamwita Bosi na kuinama. Asari anamwita Mwalimu na kuinama chini zaidi. Wakikutana mlangoni, utachoka kuwasubiri.

Mwezi wa kumi na moja Sunazuka aliandika karatasi ya kweli. Stesheni, tarehe, saa. "Niliita kijani bila kuangalia. Taa ilikuwa nyekundu. Pendekezo: nisiendeshe tena." Hakuitumbukiza sandukuni. Aliipeleka kwa mikono miwili.

Asari aliisoma, akainuka akafunga mlango, akarudi akaisoma tena.

"Mwalimu, hii nini?"

"Nusura, Bosi."

"Hii si nusura. Hili bomu." Aliigeuza kama kwamba nyuma kungekuwa na habari nzuri zaidi. "Treni ilisogea?"

"Haikusogea."

"Mtambo wa tahadhari ulilia?"

"Haukulia."

"Sasa kosa liko wapi? Uliita, ukaona umekosea, ukajizuia. Hiyo ndiyo kazi ya kidole. Umefanya kazi vizuri."

"Sikujizuia, Takuma. Ilikuwa bahati tu. Macho yangeinuka baada ya mkono kuvuta, tungekuwa tunaongea habari nyingine."

"Hata ungeondoka, mtambo ungepiga breki."

"Huo mtambo uliwekwa mwaka niliooa. Wewe ungempandisha mama yako juu ya dhamana hiyo?"

Asari aliiweka karatasi mezani. Kisha akasema polepole, bila ukali, na hapo ndipo Sunazuka alipojua kwamba hatoki. "Mwezi wa tatu mkoa unakaa kuamua kama reli hii ibaki au waweke basi. Hilo basi halina dereva pia, lakini wenyewe hawajui. Wakisikia tuna madereva wawili, treni ya saa moja inafutwa kesho yake, na ikifutwa hiyo, abiria wanapungua, na wakipungua, mkutano umekwisha kabla ya chai. Nikiipeleka karatasi hii juu, nimeiua reli kwa mkono wangu. Andika nyingine, Mwalimu. Andika uliteleza."

"Sikuteleza."

"Basi kabati."

Sunazuka alimtazama kijana aliyemfundisha kusema anachokiona. "Kabati limeshagongwa sana," alisema.

Karatasi ilibaki kwenye droo ya Asari. Badala yake Sunazuka aliletewa barua: anapelekwa mjini Akita, siku moja, semina ya kudumisha ujuzi na tija kwa wafanyakazi wa umri mkubwa. Gharama zote juu ya kampuni, na chakula cha mchana cha kwenye boksi.

Semina yenyewe ilikuwa ukumbini, wazee arobaini kwenye viti vya kukunja: dereva wa kreni, mama wawili wa kiwanda cha mota, mlinzi, muuza keki za mchele. Mwalimu wa semina alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, suti ya michezo ya rangi ya waridi, sauti ya kuongelea na watoto wa chekechea. Akawanyoosha mabega. Akawashikisha rula inayodondoka. Kisha akawachezesha mchezo wa mikono, jiwe, karatasi, mkasi, lakini kwa kugeuza: yeye anatoa kwanza, na wao inabidi washindwe makusudi. Akitoa jiwe, wewe toa mkasi, haraka. Ubongo haupendi kushindwa, alisema, kwa hiyo hayo ndiyo mazoezi.

Dereva wa kreni alishinda kila mara, akawa anajilaani. Sunazuka hakukosea hata mara moja. Mkono wake ulitoka umenyooka, haraka, safi, kila mara ni ule wa kushindwa. Msichana alimsimamisha mbele.

"Babu huyu anatisha," alisema. "Mnaona huo mkono?"

"Mimi sifikirii," Sunazuka alimwambia. "Unakwenda wenyewe."

"Hicho ndicho tunachotaka," msichana akasema, na ukumbi ukampigia makofi.

Akarudi na cheti. Umri wa mwili: sitini na saba. Umri wa ubongo: hamsini na moja.

Asari alikitia kwenye fremu. Akakitundika ukutani, chini ya picha ya mkono. Huo ndio ukawa mwisho wa mjadala. Mtu ukiwa na cheti cha namna hiyo, utasema nini? Sunazuka alijaribu tena wiki iliyofuata, Asari akaishia kuonyesha ukuta kwa kidevu. "Mwalimu, ubongo wako ni kijana kuliko wa naibu wangu."

Habari zikapanda mlimani haraka kuliko treni. Jumatano Bi Tome alipanda na mfuko wa matunda ya persimoni yaliyokaushwa, akauning'iniza kwenye ndoano ya kibanda.

"Hamsini na moja," alisema. "Ningekuwa na binti ambaye hajaolewa, Fumie angekoma."

"Bi Tome, hivyo vyeti..."

"Usinivunje moyo asubuhi. Sisi kule juu tulikuwa tunaulizana, yule dereva ana miaka mingapi, atatufikisha mpaka lini. Mimi bila treni hii nahamia hospitali nikafie kwenye kitanda cha watu. Sasa nimelala usingizi." Akaketi, akafunga mkanda wa koti. "Twende, kijana."

Akaenda. Angefanya nini? Kila mtu aliyepanda sasa alimwinamia. Kila asubuhi Tateno alisimama, na kabla ya kuinua mkono alijiambia, angalia kwanza, angalia, angalia. Siku nyingine aliona. Siku nyingine alijikuta ameshaita, ameshaondoka, yuko kwenye daraja, na hakumbuki taa ilikuwa na rangi gani. Ilikuwa kijani, lazima ilikuwa kijani, mtambo haukulia. Jasho lilimtoka kwenye glovu. Ukimwangalia kutoka nyuma uliona mzee amekaa wima, anafanya kazi yake kama kijitabu kinavyosema.

Mwezi wa kumi na mbili aliandika barua ya kuacha kazi na kuituma kwa posta, maana kwa mkono ingerudishwa. Siku ya pili yake, saa tisa mchana, Asari alikuwa mlangoni kwake na boksi la vikaki, biskuti za mchele, theluji mabegani. Hakukaa. Alipiga magoti kwenye mkeka na kushusha paji la uso mpaka chini.

"Mpaka mwezi wa tatu tu, Mwalimu."

"Mwaka jana pia ulisema mwezi wa tatu."

"Mwaka jana kijana alikuwa hajaondoka."

"Takuma, inuka," Fumie alisema. "Unanilowesha mkeka."

Hakuinuka. Alizungumza na mkeka. Alisema ametangaza nafasi miezi kumi na minane na wamejitokeza wawili, mmoja akiwa na miaka sabini. Mkewe amerudi kwao na watoto, akasema, tangu mwezi wa nane, na hakuna mtu ofisini anayejua. Akasema Mwalimu akiondoka kabla ya mkutano, yeye hatakuwa na pa kuweka uso.

Mabega yake yalikuwa yanacheza. Fumie alimwangalia mumewe, mumewe akaangalia boksi la vikaki. Mwisho Sunazuka mwenyewe ndiye aliyekwenda kumshika bosi wake mkono na kumwinua, na kumwambia haya, haya, usilie, na kummiminia chai. Barua ilirudi nyumbani siku hiyohiyo ndani ya mfuko wa boksi. Fumie aliikuta alipokuwa anatoa vikaki. Alikula kimoja, kikavunjika kwa sauti kubwa.

Tarehe kumi na nane mwezi wa kwanza, theluji ilianguka tangu alfajiri. Treni ilifika Tateno dakika tatu nje ya wakati. Sunazuka alifungua milango, hakuna aliyepanda, akafunga. Mkono wake ukanyooka.

"Taa ya kutoka, kijani, njia wazi."

Akasikia sauti yake. Safari hii aliisikia kama unavyomsikia mtu mwingine akisema uongo. Akainua macho. Nyekundu, safi, katikati ya weupe wote ule. Treni ya kupanda ilikuwa bado iko bondeni, inapambana na theluji kuja upande wake kwenye chuma hichohicho kimoja.

Akaweka breki mpaka mwisho. Akavua glovu. Akachukua redio, kwa sababu ofisini karatasi inaingia droo, lakini kila neno la redio linarekodiwa makao makuu na halina droo.

"Treni ya saa moja na kumi na mbili, Tateno. Nimeita kijani. Taa ni nyekundu. Nimeita kabla ya kuangalia, na si mara ya kwanza. Siondoki."

Redio ilikwaruza. Asari. "Mwalimu, rudia. Unasema theluji imefunika taa, sivyo?"

Alikuwa anamtupia kamba, na kila mtu kwenye njia ile angeishika.

"Haijafunika. Naiona vizuri kabisa."

"Mwalimu. Theluji ni nyingi. Taa haionekani. Nimeandika hivyo."

"Andika unachotaka. Mimi nasema ninachokiona, kama nilivyokufundisha. Hata ikigeuka kijani, siondoki."

Treni ya kupanda iliingia, taa ikageuka kijani. Ile nyingine ikaendelea na safari yake ya mlimani. Sunazuka alibaki amekaa, mikono mitupu mapajani. Behewani hakuna aliyepiga kelele, watu wa kule hawana tabia hiyo. Wanafunzi waliinua vichwa kwenye simu, wakavirudisha. Baada ya dakika kumi na tano Bi Tome alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Mashine yangu inaanza saa mbili na nusu," alisema.

"Najua, Bi Tome. Naomba radhi."

"Umechoka?"

"Naita taa ambazo sijaziona."

Bi Tome alifikiri. "Na mimi namwita mume wangu kula, na alikufa mwaka wa kumi sasa," alisema. "Lakini mimi siendeshi kitu." Akarudi kuketi.

Asari alikuja na gari lenye minyororo, baada ya dakika arobaini na saba, akashika mpini wa treni yeye mwenyewe bila kumtazama. Mjini waligawa vyeti vya kuchelewa kwa wanafunzi na wafanyakazi. Sababu iliyochapwa: theluji.

Makao makuu walisikiliza rekodi. Walisikitika. Wakachukua hatua, na barua ya hatua hizo ilikuja baada ya siku kumi, ina mihuri mitatu. Ilimshukuru Sunazuka kwa uaminifu wake wa mfano. Ilisema tatizo limeeleweka: dereva wa umri mkubwa asiachwe peke yake. Kuanzia tarehe moja mwezi wa pili, treni ya saa moja na kumi na mbili itakuwa na jicho la pili, mshauri wa usalama mwenye uzoefu, atakayekaa kibandani na kuita taa pamoja naye.

Siku hiyo mlango wa kibanda ulifunguliwa, na Oikawa akapanda. Yule wa rula. Miaka themanini kasoro miwili, kofia mpya, kistuli cha kukunja kwapani.

"Wewe bado uko hapa?" Oikawa alisema.

"Nawe umetoka wapi?"

"Nilikuwa nalima vitunguu kwa raha zangu. Wakaja watatu, wakapiga magoti kwenye matope." Alifungua kistuli akakishindilia pembeni ya kiti. "Mke wangu akawahurumia. Kiwiko chako kimepinda."

"Sijainua mkono bado."

"Nakukumbusha."

Wakaondoka. Wawili waliita milango, waliita saa, waliita kila taa ya njiani, sauti mbili za mikwaruzo zinazopishana kidogo, vidole viwili. Behewani watu walitabasamu. Asari alikuwa amepanda nao mpaka stesheni ya pili, akateremka, akawapungia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu vuli meneja yule kuonekana kama mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Sunazuka naye alihisi kitu kinalegea kifuani. Kuna mtu pembeni. Akikosa yeye, Oikawa ataona.

Tateno. Milango ikafunguka, ikafungwa. Mikono miwili ikanyooka kuelekea kioo.

"Taa ya kutoka," walisema pamoja.

Sunazuka alimsubiri Oikawa amalizie. Oikawa alikuwa anamsubiri yeye.

"Sema," Oikawa alisema.

"Nilidhani unaiangalia wewe."

"Mimi nakiangalia kiwiko chako."

Nyuma yao maganda ya chungwa yaliacha kutoa sauti.

"Nyekundu, wanangu," Bi Tome alisema. "Bado."